Kurahisisha Bila Kupotosha: Mwongozo kwa Anayewaandikia Wasio Wataalamu

"Kinachoua ni ampia, si volti." Sentensi hii husemwa sana na watu wanaoujua umeme, na fundi anayeisema hakosei: madhara ya umeme mwilini hutegemea mkondo unaopita, muda unaodumu na viungo unavyopitia. Sasa mpe sentensi hiyo mtu asiye fundi, kisha muoneshe chaja ya simu iliyoandikwa 5 V, 3 A na kifaa cha ukutani kilichoandikwa 230 V, 0.5 A. Muulize ni nyaya za kipi aziogope zaidi. Akiifuata sentensi aliyopewa ataiogopa chaja, kwa kuwa 3 ni kubwa kuliko 0.5. Hesabu yake haina kosa, na inaweza kumuua.

Kilichokosekana ni kipande kimoja tu. Ampia zilizoandikwa kwenye chaja ni kiwango cha juu inachoweza kutoa endapo kifaa kitahitaji. Kitakachopita mwilini hupatikana kwa kugawanya volti kwa ukinzani wa mwili, yaani jinsi mwili unavyouzuia mkondo. Tukichukua omu 1,500 kutoka mkono hadi mkono, volti 230 husukuma takribani miliampia 150, kiasi kinachoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Volti 5 hazifikishi hata miliampia 4. Swichi za kukata umeme unaovuja, zile za kulinda watu, hutengenezwa zikate mkondo uliovuja ukifika miliampia 30.

Maelezo mepesi hayapotoshi kwa sababu tu yamepunguza. Kila maelezo hupunguza. Yanapotosha pale msomaji anapoyatumia kuamua jambo ambalo jibu lake lilikuwa kwenye kile kilichokatwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwandishi liwe hili: msomaji atafanya nini na sentensi hii, na je, nilichokiacha kitambadilishia uamuzi?

Anza na uamuzi, mada baadaye

Kabla ya kuandika aya ya kwanza, andika pembeni mistari mitatu: msomaji ni nani, ataamua nini akishasoma, na akielewa nusu atakosea upande gani. Mstari wa tatu ndio wengi huuruka, na ndio wenye faida kubwa kuliko yote.

Chukua pawabenki. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba mAh (miliampia-saa) ni ujazo wa betri, kwa hiyo pawabenki ya mAh 10,000 itaijaza mara mbili simu yenye betri ya mAh 5,000. Msomaji anaamua mambo mawili kwa maelezo hayo: anunue ya ukubwa gani, na kama anaruhusiwa kupanda nayo ndege. Yote mawili yatakwenda kombo.

Hesabu yenyewe ni hii. Namba ya mAh huhesabiwa kwa volti za seli iliyo ndani, ambazo kwa kawaida ni 3.7, wakati umeme unatoka kwa volti 5 au zaidi. Kinacholingana pande zote mbili ni nishati, nayo hupimwa kwa wati-saa: 10,000 mAh ni ampia-saa 10, mara 3.7, unapata wati-saa 37. Betri ya simu ya mAh 5,000 yenye volti 3.85 ina wati-saa 19 na kidogo. Mpaka hapo bado inaonekana karibu mara mbili. Lakini nishati hupotea kama joto mara mbili: pawabenki inapopandisha volti, na simu inapozishusha ili kujaza betri yake. Ikipotea asilimia 15 kila hatua, kinachofika ni karibu wati-saa 27, yaani simu itajaa mara moja na chini kidogo ya nusu. Kuhusu ndege, kanuni za usafiri wa anga huangalia wati-saa: hadi 100 hubebwa kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba kibali cha shirika. Anayejua mAh pekee hawezi kujua yuko upande gani wa mpaka huo.

Maelezo yaliyorekebishwa hayahitaji fizikia yote hiyo. Yanahitaji sentensi mbili: "Angalia wati-saa (Wh) zilizoandikwa kwenye pawabenki, kama hazipo, zidisha mAh kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Tarajia karibu robo tatu ya hizo ndizo zitakazoingia kwenye simu." Ni rahisi kama yale ya mwanzo, ila haya yanajibu swali ambalo msomaji alikuja nalo.

Sharti lililokatwa

Karibu kila sentensi ya kitaalamu ina sharti ambalo mtaalamu halisemi kwa sababu wenzake wote wanalijua. Kulitafuta kuna mbinu moja inayofanya kazi vizuri: ingiza neno "daima" ndani ya sentensi yako, kisha isome kwa sauti. Ukijisikia kutaka kusema "hapana, isipokuwa...", kile kinachofuata baada ya "isipokuwa" ndicho sharti ulilolikata.

"Maji huchemka daima kwenye nyuzi 100 za Selsiasi." Hapana, isipokuwa usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa meta 3,000 huchemka karibu na nyuzi 90, na chakula huchelewa kuiva ingawa maji yanatokota. "Antibayotiki huua daima vijidudu vya ugonjwa." Hapana, hazina kazi kwa virusi, na mtu mwenye mafua ya kawaida akizimeza anapata madhara yake bila faida.

"Umeme hufuata daima njia yenye ukinzani mdogo." Hii inastahili kukaliwa kidogo, maana imeingia hata kwenye vitabu vya shule. Umeme hupita njia zote zilizo wazi, na kadiri ukinzani wa njia unavyokuwa mdogo ndivyo inavyopitisha mkondo zaidi. Weka njia mbili sambamba kwenye volti 230, moja ya omu 10 na nyingine ya omu 1,000. Ya kwanza itapitisha ampia 23, ya pili ampia 0.23. Ni kweli sehemu kubwa imefuata njia rahisi, lakini ile ampia 0.23 ni miliampia 230, na kama njia ya omu 1,000 ni mwili wa mtu, huyo yuko kwenye hatari ya kufa. Msomaji aliyeambiwa kwamba umeme "utachagua" waya wa ardhini ataamini kwamba waya huo unamkinga hata kama swichi ya kukata haifanyi kazi. Kumbe kazi kubwa ya waya wa ardhini ni kupitisha mkondo mkubwa kiasi cha kuifanya fyuzi au swichi ikate haraka. Sharti lililokatwa hapa lilikuwa kinga yenyewe.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari iliharibika kwa namna hiyohiyo. Watumiaji walifundishwa kwamba "ukiona kufuli, tovuti ni salama". Kilichokuwa kweli ni kwamba mawasiliano yamesimbwa njiani, yaani yamegeuzwa yasisomeke na mwingine, na kwamba unazungumza na tovuti yenye jina lile lililoandikwa juu. Kama mwenye jina hilo ni tapeli, kufuli inamaanisha kwamba siri zako zinamfikia tapeli bila mtu mwingine kuziona. Vyeti vya usimbaji hupatikana bure, na matapeli huvichukua kama watu wengine. Mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani wa toleo la kompyuta na kuweka nyingine, kwa sababu watu walikuwa wakiiamini kupita maana yake.

Namba: rudisha "kati ya wangapi"

Namba hupotosha kwa urahisi kuliko maneno kwa kuwa zinaonekana zimekamilika. Kosa linalojirudia zaidi ni kutaja ongezeko bila kutaja lilipoanzia.

Oktoba 1995, nchini Uingereza, ilitolewa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya kupanga uzazi zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Habari ilisambaa kama "hatari imeongezeka kwa asilimia 100". Namba zenyewe zilikuwa takribani mwanamke 1 kati ya 7,000 kwa vidonge vya awali, na 2 kati ya 7,000 kwa vipya. Wanawake wengi waliacha vidonge ghafla. Mimba zisizotarajiwa ziliongezeka, na inakadiriwa kuwa mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa takribani 13,000 huko England na Wales. Zaidi ya hapo, ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Neno "maradufu" lilikuwa sahihi. Aliyelisoma hakuwa na njia ya kujua kwamba ni maradufu ya kitu kidogo, wala kwamba njia aliyoikimbilia ina hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo, kila unapoandika ongezeko au punguzo, fuata utaratibu huu:

1. Andika watu wangapi kati ya wangapi kabla ya badiliko, na wangapi kati ya walewale baada yake. Usibadilishe kigawanyo (ile namba inayofuata "kati ya") ukiwa katikati: "1 kati ya 7,000" na "1 kati ya 3,500" ni kweli, lakini jicho huona 3,500 kama namba ndogo na kudhani hatari imepungua.
2. Taja muda. Kwa mwaka? Kwa maisha yote?
3. Taja hatari ya kutofanya jambo hilo, au ya njia mbadala ambayo msomaji ataikimbilia.
4. Asilimia ikibaki kwenye kichwa cha habari, namba kamili ziwe kwenye sentensi ya kwanza, si aya ya nane.

Mfano wa kufanyia mazoezi: mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la kwanza, lilelile la tumbaku. Watu wakaelewa kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Makundi hayo hupanga uimara wa ushahidi kwamba kitu kinasababisha saratani. Hayapangi ukubwa wa hatari. Makadirio yaliyotolewa yalikuwa ongezeko la asilimia 18 la saratani ya utumbo mpana kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku. Katika jamii ambayo watu 6 kati ya 100 huipata maishani, hiyo inakuwa takribani 7 kati ya 100. Kigawanyo kikirudi, msomaji anaweza kuamua mwenyewe kama mtu huyo mmoja wa ziada anatosha kumfanya abadili mlo.

Vipimo vya ugonjwa vinahitaji uangalifu wa peke yake. "Kipimo ni sahihi kwa asilimia 99" humfanya mtu aliyeambiwa ana ugonjwa aamini kwamba uwezekano wa kuwa nao ni asilimia 99. Usieleze kwa fomula. Eleza kwa umati. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000. Pima watu 100,000. Wagonjwa ni 100, na kipimo kinawanasa 99. Wazima ni 99,900, na kipimo kinawasingizia asilimia moja yao, yaani 999. Walioambiwa wanaumwa ni 1,098, na wanaoumwa kweli kati yao ni 99: karibu 9 kati ya 100. Jibu hilo ni sababu ya kurudia kwa kipimo kingine, wala si hukumu. Na kama mtu ana dalili au anatoka kwenye kundi ambalo ugonjwa umeenea, namba ya kuanzia hubadilika na jibu hubadilika nayo. Sharti hilo lazima liandikwe, la sivyo utakuwa umempotosha upande wa pili na kumfanya apuuze majibu ya kweli.

"Huua asilimia 99.9 ya vijidudu." Kati ya bakteria milioni moja wamebaki 1,000. Kwa aina inayojigawa kila dakika 20 pakiwa na joto na chakula cha kutosha, mara kumi za kujigawa hurudisha milioni, na hizo ni dakika 200. Kusafisha asubuhi hakusafishi jioni.

"Mafuriko ya miaka 100." Msomaji huelewa kwamba yakitokea mwaka huu, yanayofuata yatawakuta wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa anayekaa nyumba hiyo miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Andika hiyo ya 26, kwa muda ambao watu hukaa kwenye nyumba.

Kisha kuna vipimo ambavyo hatua moja si kiasi kimoja. Katika ukubwa wa matetemeko ya ardhi, kila namba nzima inayoongezeka ni nishati zaidi kwa takribani mara 32. Asiyejua hilo hawezi kuupima ule usemi wa faraja kwamba mitetemo midogo "hupunguza presha" ya tetemeko kubwa. Mapema mwaka 2009 mji wa L'Aquila, Italia, ulikuwa ukitikisika mara kwa mara. Tarehe 31 Machi afisa wa serikali aliutangazia umma maelezo ya namna hiyo: nishati inatoka kidogo kidogo, hakuna hatari. Tarehe 6 Aprili tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliua watu zaidi ya 300. Baadhi ya wakazi walieleza baadaye kwamba desturi yao ilikuwa kutoka nje ya nyumba mitetemo ikianza, na kwamba usiku ule walibaki ndani kwa kuwa walikuwa wametulizwa. Hesabu ya mstari mmoja ingetosha kuyavunja maelezo yale: ingehitajika mitetemo zaidi ya 30,000 ya ukubwa wa 3 kutoa nishati ya tetemeko moja la ukubwa wa 6.

Mlinganisho una mpaka. Uandike mpaka huo

Mlinganisho ni chombo chenye nguvu, na nguvu yake ndiyo tatizo lake, kwa maana msomaji huubeba mzima. Umeme hulinganishwa na maji ya bomba: volti ni shinikizo, mkondo ni maji yanayopita, ukinzani ni wembamba wa bomba. Kwa kueleza kwamba shinikizo likiongezeka mkondo nao huongezeka, unafaa kabisa. Lakini bomba likikatwa maji humwagika, na waya ukikatwa hakuna kinachomwagika. Mwenye picha ya maji kichwani anatazama waya uliokatika chini, haoni kitu kikivuja, na anasogea.

Ukitaka kuutumia, andika mambo matatu ambayo mlinganisho unayatabiri vizuri na matatu ambayo unayatabiri vibaya. Kati ya hayo mabaya, chagua lile linaloweza kumuumiza au kumtia hasara msomaji, kisha uliweke kwenye aya ileile ambayo mlinganisho unaanza, mara tu baada yake. Kwa mfano: "Fikiria volti kama shinikizo la maji na mkondo kama maji yanayopita. Tofauti moja uishike: waya ukikatika hakuna kinachomwagika, lakini ncha yake bado ina volti, na atakayeigusa anaweza kuwa njia ya mkondo kwenda ardhini." Hayo mengine mawili, mathalani kwamba elektroni ndani ya waya wa nyumbani husogea chini ya milimita moja kwa sekunde ilhali taa huwaka papo hapo, yanaweza kungoja.

Ukimaliza kazi yake, uache. Mlinganisho unaoburutwa aya tano huanza kueleza vitu ambavyo haujui. Na usichanganye miwili katika maelezo ya jambo moja, kwa sababu msomaji ataunganisha sehemu za huu na za ule akapata mashine isiyokuwepo.

Kuna pia maelezo ambayo ni mepesi kwa sababu ni ya uongo, na hayo hayatibiwi kwa kuongeza sharti. Bado inafundishwa kwamba bawa la ndege huinuka kwa kuwa hewa ya juu, yenye njia ndefu, hukimbia ili ikutane na ya chini mwishoni mwa bawa. Hewa hizo hazina miadi. Ya juu hufika mapema zaidi. Na kama maelezo hayo yangekuwa kweli, ndege zisingeweza kuruka kichwa chini. Vivyo hivyo majira ya mwaka kuelezwa kwa umbali wa jua: dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati nusu ya kaskazini iko kwenye baridi. Dawa ni kuyasukuma maelezo yako kwenye tukio jingine ambalo unalijua jibu lake. Yakitoa jibu lisilo la kweli, yafute na uanze upya.

Mpangilio wa ukurasa nao hueleza

Sentensi zote zinaweza kuwa sahihi na ukurasa mzima ukapotosha. Januari 2003 chombo cha anga za juu Columbia kilikuwa kwenye mzingo baada ya kipande cha povu gumu kutoka kwenye tangi la mafuta kuligonga bawa lake wakati wa kuruka. Wahandisi walitayarisha slaidi kwa ajili ya wasimamizi wa safari. Kichwa chake kilisema kwamba data za majaribio zinaonesha kuna nafasi ya kutosha ya usalama kuhusu kupenywa kwa vigae vinavyokikinga chombo na joto. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilitajwa kuwa kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na vilivyowahi kufanyiwa majaribio vilikuwa na 3. Ni tofauti ya mara 640. Data zile hazikuwa na la kusema juu ya kipande kile. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea na watu 7 walifariki. Tume ya uchunguzi iliichambua slaidi hiyo kwenye ripoti yake, pamoja na jinsi neno la Kiingereza lenye maana ya "kikubwa" lilivyotumiwa mara tano bila kusema kikubwa kiasi gani.

Basi soma kichwa chako peke yake, kisha mstari wa mwisho peke yake. Kama mstari wa mwisho ungebadilisha uamuzi wa aliyesoma kichwa tu, hamisha maneno. Sharti linalopunguza nguvu ya dai likae ndani ya dai. Na popote ulipoandika "kikubwa", "kidogo", "salama" au "haraka", weka namba au kitu cha kulinganisha.

Mpime msomaji kwa kumuomba atabiri

Usimuulize "umeelewa?" Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil walichapisha utafiti unaoonesha kwamba watu hujipa alama za juu za kuelewa vifaa vya kila siku, kisha alama hizo hushuka wakishatakiwa kueleza hatua kwa hatua jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Na mwaka 2017 Lisa Scharrer na wenzake walionesha kwamba waliosoma makala za sayansi zilizoandikwa kwa lugha nyepesi walikubaliana zaidi na madai yaliyomo, na walijiamini zaidi kuhukumu bila mtaalamu, kuliko waliosoma zilizoandikwa kwa wataalamu. Yaani wepesi wenyewe hulewesha. Kadiri unavyoandika vizuri, ndivyo jukumu lako la kuonesha mpaka linavyokua.

Tafuta watu watano wasiojua mada. Mwenzako wa kazini hafai. Anajaza mapengo bila kujua. Mpe kila mmoja andiko, asome, alifunike. Kisha uliza maswali matatu: moja ambalo andiko linalijibu, moja lililo ukingoni, na moja lililo nje kabisa. Kwa pawabenki: Je, ya mAh 20,000 itaijaza simu ya mAh 5,000 karibu mara ngapi? Je, iliyoandikwa mAh 30,000, bila Wh, inaweza kuzidi mpaka wa ndege? Je, kompyuta yako ndogo itakubali kuchajiwa nayo? Jibu sahihi la swali la tatu ni "hapa sijaambiwa", kwa kuwa hilo hutegemea volti na wati ambazo pawabenki inatoa. Anayejibu "ndiyo" kwa uhakika ameonesha kwamba andiko lako halina ukingo.

Makosa yakijirudia kwa watu wawili, rekebisha sentensi iliyoyazaa, palepale ilipo. Kosa la kawaida ni kuongeza aya ya "tahadhari" mwishoni. Msomaji ameshaamua kabla ya kuifikia. Kisha pima tena kwa watu wengine, maana wale wa kwanza wameshajua jibu.

Urudishe kiasi gani

Si kila kitu. Andiko lililojaa "huenda", "mara nyingi" na "kwa kawaida" linapotosha pia, kwa sababu sharti la kufa na kupona linafanana na lile la pambo. Kanuni ninayoishikilia: rudisha sharti ambalo mtu akilipuuza uamuzi wake unageuka, na liandike kama sharti, si kama kusitasita. Badala ya "kwa kawaida maji huchemka nyuzi 100", andika "usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 100, na kadiri unavyopanda mlima hupungua". Lililobaki liache kwa moyo mweupe, hata kama mtaalamu mwenzako atanung'unika.

Mwisho, pitia andiko ukitafuta sentensi zitakazonakiliwa na kutumwa peke yake. Hizo zinatakiwa kujitegemea. "Mtu mzima: vidonge 2 vya paracetamol, mara 4 kwa siku" itasafiri bila aya inayoifuata, na anayeipokea anaweza kuvimeza vyote kati ya asubuhi na alasiri, tena pamoja na dawa ya mafua yenye paracetamol hiyohiyo, na ini likadhurika. Iandike hivi tangu mwanzo: "Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi: kidonge 1 au 2 vya mg 500 kwa wakati mmoja, subiri angalau saa 4 kabla ya kumeza tena, visizidi 8 ndani ya saa 24, ukihesabu na paracetamol iliyomo kwenye dawa nyingine unazotumia." Ni ndefu zaidi, nayo ndiyo inayofaa kuwekwa kwenye picha, kwenye kichwa na kwenye ujumbe wa simu, bila kupunguzwa neno.